Asiye Mwenzao

Jumatatu, 17 Februari 1997

Gelatini ya kunakilia imeshika vizuri. Niliichemsha jana na sukari na gliserini ya mwisho kwenye chupa, nikaimimina kwenye sinia, nikaifunika kanga. Asubuhi nikaibonyeza kwa kidole, haikunata. Nakala ishirini na nane kabla wino haujafifia. Ya ishirini na tisa inataka macho ya kijana.

Vidole zambarau mpaka kwenye kucha. Mama Swedi, muuza maandazi wa kona yetu, kaniuliza kama siku hizi napika wino.

Karatasi bado zipo. Mwarabu wa duka la vitambaa alinipa rundo la fomu za zamani za forodha. Upande mmoja mizigo ya miaka ile meli zilipokuwa zinafika, upande wa pili picha zangu za kuku na bata. Tangu mipaka ifungwe, mtu kama mimi hapati karatasi nyingine Bujumbura. Silalamiki. Ndiyo hali.

Watoto ishirini na nne, miaka minne mpaka sita. Fishi kumi, karatasi za mazoezi, zimeshafanywa: mistari ya kusimama, mistari ya kulala, mawimbi, kuunga nukta, kupaka rangi bila kutoka nje. Inspekta anakuja Machi. Anataka fishi ishirini kwenye jalada la kila mtoto, farde. Farde zangu zimepangwa kuliko za shule yoyote hapa Buyenzi. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu?

Bi Rukia, mkuu wetu, anasema watoto wa umri huu wacheze tu, fishi ni za kuwafurahisha wazazi. Labda. Lakini mzazi akiona karatasi, anaona shule. Akiona mtoto anapanga vizibo vya soda, anaona mtoto anapanga vizibo vya soda.

Kesho fishi ya kumi na moja.

Jumanne, 18 Februari

Fishi ya kumi na moja. Kitabu cha mifano kilitoka Ubelgiji na maelezo yake ni maneno mawili: barre l'intrus. Mistari minne, picha nne kila mstari. Kuku, bata, njiwa, mbwa. Ndizi, embe, papai, kiatu. Sufuria, sahani, kijiko, baiskeli. Shati, suruali, kofia, samaki. Mtoto atafute picha isiyokwenda na zile nyingine, achore mstari juu yake.

Niliwaambia hivi: "Tafuteni asiye mwenzao, mumukate."

Wakaelewa hapo hapo. Kukata wanakujua. Kaka zao wakikosea hesabu, mwalimu anawakata kwa kalamu nyekundu. Na "asiye" ni kwa sababu nilianza na wanyama. Nikaendelea hivyo hivyo mpaka kwenye kiatu. Kiswahili cha kitabuni kingetaka "kisicho". Hapa kwetu kiatu naye anapotea, anachakaa, anatafutwa kama mtu. Hakuna mtoto aliyeshtuka.

Zoezi limewapendeza. Kila aliyepata alipiga kelele: "Nimemukata! Nimemukata!" Swedi, mwana wa muuza maandazi, alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka na meza ikapata sehemu yake.

Binti mmoja, Spès, alimaliza wa kwanza, kama kawaida. Mkono wa kushoto, ulimi nje. Mistari minne myembamba, imenyooka. Mama yake ni fundi cherehani, labda ndiko alikoitoa. Walikimbia mauaji ya mtaa wa Mutakura miaka miwili iliyopita na begi moja, wamepanga chumba uani kwa jirani yangu. Kabila lao silijui. Buyenzi hatuulizi.

Sina mtoto ninayempenda kuliko wengine. Spès ndiye ninayempenda kuliko wengine.

Jumatano, 19 Februari

Watoto kumi na sita. Mvua kubwa tangu alfajiri, nikailaumu mvua.

Spès hayupo. Hajawahi kukosa. Hata siku ya malaria alikuja na blanketi lake.

Fishi ya kumi na mbili nimeiahirisha. Sipendi mapengo kwenye farde.

Alhamisi, 20 Februari

Tisa. Na jua linawaka.

Mapumziko nilitoka mpaka kona kwa Mama Swedi. Mwanawe hakuja, yeye yuko pale pale na karai lake, anageuza maandazi bila kuniangalia. Nikamuuliza kulikoni.

"Mwalimu," kasema, "ni kweli munafundisha watoto kukata watu?"

Nikacheka. Halafu nikaona yeye hacheki.

Kumbe Jumanne Swedi alifika nyumbani akatangaza: "Leo tulimukata asiye mwenzetu!" Wenzao, wenzetu, kwa mtoto wa miaka mitano ni kitu kimoja. Mama Swedi akayapeleka maneno kwenye bomba la maji, eti aulize tu. Bombani yakawa: mwalimu anawafundisha kumkata asiye mwenzetu. Sokoni yakapata panga. Jana jioni, nasikia, nilikuwa na orodha ya majina.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo ingefaa ipigwe marufuku katika mji huu.

Nikaenda uani kwa jirani. Chumba cha Mama Spès kiko wazi. Kitanda kipo, ndoo ipo, cherehani ipo. Cherehani! Mwanamke yule anaweza kuacha viatu, hawezi kuacha cherehani. Jirani kanieleza. Jumanne mtoto alirudi anaruka, akasema mlangoni mbele ya watu: "Maman, leo tulimukata asiye mwenzetu, na mi nilikata wa kwanza." Mama yake akaweka chini gauni alilokuwa anapinda. Hakuuliza neno. Jua halijatua walikuwa wameshaondoka. Ana dada Gasenyi, kule juu mji unapoishia. Kule milio ya risasi inasikika kila wiki.

Nina hasira. Si naye. Naye pia.

Ijumaa, 21 Februari

Nimeitwa zoni, ofisi ya serikali ya mtaa. Mjumbe alikuja saa tatu, akasimama mlangoni mwa darasa na kofia mkononi kama aliyeleta habari ya msiba. Watoto wale tisa wakamwamkia kwa wimbo. Bi Rukia akawaachia mwangalizi, akaja nami. Njia nzima midomo yake inasoma dua.

Shefu wa zoni ni mtu wa milimani. Kiswahili amejifunzia ukubwani, anakitamka polepole, neno moja moja. Mbele yake karatasi ya mashtaka, haina jina la aliyeandika.

Kaniuliza: "Asiye mwenzao ni nani?"

Nikasema: "Mbwa."

Nikamwona anakaza macho. Kalamu ikasimama.

"Mbwa," kasema. "Mbwa ni watu gani?"

Hapo ndipo niliposhikwa na woga wa kweli. Mwaka huu, katika mji huu, mtu akisema mbwa watu wanauliza ni akina nani. Nikamwambia, mbwa ni mbwa, shefu, ana mkia. Nikatoa fishi kwenye mkoba.

Aliitazama muda mrefu. Akaigeuza, akasoma fomu ya forodha, akairudisha. Akamwita katibu wake. Katibu akasema kwenye mstari wa kwanza asiye mwenzao ni bata, kwa sababu anaogelea. Shefu akasema hapana, ni mbwa, hana manyoya ya ndege. Katibu akasema njiwa, kwa kuwa ndiye peke yake anayeruka kweli. Wakabishana. Wanaume wawili wazima na mhuri mezani. Bi Rukia aliniminya mkono nisije nikacheka. Sikuwa na kicheko.

Halafu shefu akauliza kwa nini nilisema "asiye" wakati kiatu si mtu. Swali zuri, kusema kweli. Nikamfundisha ngeli. Ki na vi, u na i, a na wa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe," kasema, "ungesema Kiswahili ya kweli, mi saa hii ningekuwa kwangu nakula."

Nimeachiwa. Ataagiza manyumbakumi, wajumbe wa mtaa, wapite kwa wazazi waeleze. Fishi moja kaibakiza, nadhani wanaendelea kubishana. Alipokuwa anatusindikiza akasema neno kukata niliache, kwa sasa. Alisema "kwa sasa" mara mbili.

Njiani kurudi Bi Rukia akasema vizibo vya soda havina maneno. Nilitaka kumzaba kofi.

Jumamosi, 22 Februari

Nimekwenda Gasenyi. Sikumwambia mtu, angenizuia.

Basi lilinifikisha nusu ya njia, nyingine kwa miguu. Kizuizini askari akapekua mkoba. Kitambulisho, tasbihi, fishi. Akauliza karatasi ni ya nini. Kazi ya watoto, nikasema. Akaiangalia, akaweka kidole juu ya mbwa. "Uyu," kasema, akanirudishia. Alikuwa na umri wa mtoto wa sekondari.

Nyumba ya dada yake ni ya matofali mabichi, bati nusu. Spès aliniona kwanza. Alikuja mbio, akaushika mkono wangu akautazama kama vidole bado ni zambarau. Kisha akauliza kama nimemletea fishi ya kumi na mbili. Sikuwa nayo. Nimejilaumu kwa hilo siku nzima, upuuzi.

Mama yake alikuwa anashona kwa mkono. Akanipa kigoda, akanipa maji. Nikamwekea fishi magotini, nikamweleza kila kitu: barre l'intrus, wanyama, ngeli, Swedi, bomba, zoni. Akaangalia picha moja moja.

"Nimeona," kasema. "Ni mubwa. Na kiatu. Iko sawa."

"Basi rudi."

Akatikisa kichwa.

"Mwalimu, mutoto aliposema vile, mi sikushangaa. Sikuuliza hata kama ni kweli. Mikono ilianza kufunga vitu yenyewe."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia miaka miwili ananijua. Mwanawe ananivuta kanga kila asubuhi. Nimemletea uji alipougua. Ananijua!

"Na majirani wa Mutakura nilikuwa nawajua," kasema. "Miaka kumi na moja."

Hakusema kwa ubaya. Akachukua sindano akaendelea na pindo lake. Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani, kama mgeni wa heshima, akanishukuru kwa kuja. Hilo liliniudhi kuliko yote.

Jumapili, 23 Februari

Kufua. Wino hautoki.

Siku nzima natafuta neno la kuweka mahali pa kukata. Piga mstari: kupiga. Futa: mbaya zaidi. Ondoa, hapana. Toa, hapana. Tenga, Mungu anisamehe, hilo ndilo baya kuliko yote. Nimefundisha miaka tisa na sikujua kwamba maneno yangu yote ya darasani yameshatumika mahali pengine. Kata karatasi, kata kucha, usinikate maneno. Piga makofi, piga mswaki. Asubuhi moja ya watoto wa chekechea, ukiisikiliza kwa masikio ya Mama Spès, ni vita.

Limebaki "weka alama". Halina ladha.

Jumatatu, 24 Februari

Kumi na saba. Manyumbakumi wamefanya kazi yao. Mama Swedi kamleta mwanawe mwenyewe, na maandazi sita kwenye gazeti, hakusema ya nini. Nimeyapokea. Bado sijamsamehe. Maandazi yalikuwa mazuri.

Fishi ya kumi na mbili: kubwa na ndogo. Nikawaambia, "Wekeni alama kwenye kitu kilicho kikubwa." Wakacheka. Swedi akasema mwalimu leo anaongea kama redio.

Spès hayupo.

Jumatano, 26 Februari

Risasi jana na leo alfajiri, upande wa kaskazini. Nzito pia, zile zinazotikisa sahani kabatini. Watoto wakubwa wa jirani wanazijua kwa majina, kila mlio na jina lake.

Asubuhi watu wanashuka kutoka Gasenyi. Magodoro kichwani, sufuria, mbuzi. Nikamwachia Bi Rukia darasa, nikaenda kusimama barabarani. Saa mbili mpaka saa tano. Nilitazama kila mtoto wa kike. Kuna mmoja nilimkimbilia, akageuka, si yeye. Mama yake akamvuta karibu akaniangalia vibaya. Ana haki.

Hakuna anayemjua fundi cherehani wa Mutakura. Mzee mmoja kasema nyumba za juu zimeungua, mwingine kasema hapana, za chini.

Naandika wazi, hakuna atakayesoma. Nikiambiwa mtoto yule amekufa kwa sababu nilisema asiye badala ya kisicho, sitaingia darasani tena. Nitauza maandazi na Mama Swedi.

Alhamisi, 27 Februari

Hakuna.

Ijumaa, 28 Februari

Hakuna. Swedi kauliza Spès yuko wapi. Nikasema amesafiri. Akauliza kwa basi au kwa ndege. Nikasema kwa basi. Nimemdanganya mtoto vizuri sana, hata rangi ya basi nilimpa.

Fishi ya kumi na tatu haijafanyika. Nilileta karatasi, nikazirudisha. Bi Rukia akawamwagia vizibo sakafuni na mimi nikakaa kuangalia. Walipanga treni, walipanga soko, wakagombana, wakapatana. Asubuhi nzima sikusema neno la kazi. Ilikuwa nafuu.

Jumatatu, 3 Machi

Wamekuja.

Saa moja na nusu nimeinama nafungua madirisha, nasikia "Mwalimu" nyuma yangu. Spès na gauni lake la kijani, safi, limepigwa pasi. Ameipata wapi pasi, sijui. Mama yake nyuma. Amekonda, amefunga bendeji mkono wa kulia. Bati liliwaangukia, kasema, si risasi. Dada yake mzima. Walilala siku tatu kanisani, siku mbili kwa mtu Mutanga Nord, jana wamerudi kwenye chumba chao. Cherehani ilikuwa pale pale.

Nilitaka kulia. Nikamwambia Spès akae, asichafue meza.

Mama yake hakuondoka.

"Kule ni risasi, huku ni maneno," kasema. "Mi nimechagua maneno. Lakini nakaa ndani. Nasikia kila moja."

Bi Rukia akaja kusema haifai, mzazi hakai darasani, watoto watavurugika, wazazi wengine watataka nao. Yote kweli. Nikasema akae. Bi Rukia akanitazama. Kwa kawaida mimi ndiye ninayeshika sheria katika shule hii.

Kukaa kakaa. Kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu, mkoba mapajani. Saa nne na nusu mfululizo. Hakutoka hata kwa maji.

Jumanne, 4 Machi

Amekaa.

Nafundisha kama mtu anayetembea na mayai kichwani. Nilitaka kumwambia Swedi akate kipande cha mkate ampe mwenzake, nikajizuia. Nikaishia kusema, "Ufanye mkate uwe miwili." Watoto walinitazama. Hata Mama Spès alinitazama. Nadhani alitaka kucheka, sina hakika.

Alhamisi, 6 Machi

Amekaa. Leo kaja na kushona, anapinda polepole, mkono bado unamuuma. Vipande vya vitambaa vinaanguka chini, watoto wanaviokota. Wasichana watatu wakakaa miguuni pake, wakaanza kuvipanga bila kuambiwa: vya maua huku, vya mistari huku, vyeusi huku. Kimoja cha dhahabu kikabaki, hakina wenzake. Wakabishana kiende wapi. Mwisho Spès akakifunga kwenye nywele za rafiki yake na kazi ikaendelea.

Zoezi lile lile la fishi ya kumi na moja. Bila karatasi, bila wino, bila mimi. Imeniuma kidogo. Mshahara wangu wa miaka tisa ni karatasi.

Mapumziko Mama Spès akaniuliza kwa nini kila siku karatasi. Nikasema ndiyo programu. Akasema ah. Hiyo "ah" yake sikuipenda.

Jumatatu, 10 Machi

Inspekta. Kaja kabla ya siku aliyosema, kama wote. Viatu vimeng'aa, matope ya Buyenzi yakavipokea.

Watoto ishirini na wawili. Wawili hawatarudi tena, wazazi wao hawakumwamini nyumbakumi wala shefu. Ni haki yao. Nimeondoa majina kwenye daftari la mahudhurio kwa kalamu. Mstari mmoja kila jina.

Akazunguka, akafungua farde. Fishi kumi na tatu, akahesabu mara mbili. Ningemwambia nini? Nikasema tulikuwa na matatizo ya gelatini. Kaandika. Kisha akamwona Mama Spès kwenye kiti chake kidogo.

"Uyu ni nani?"

"Mwanafunzi wa ishirini na tatu," nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Bi Rukia alikohoa. Inspekta hakuwa na hakika kama ananiona mjinga au yeye ndiye anayefanywa mjinga. Mbele ya Mama Spès kulikuwa na fishi ya kumi na moja, nakala ya zamani. Alikuwa ameichukua kabatini asubuhi, sikumuuliza. Inspekta akaiinua. Kuku, bata, njiwa, mbwa. Hakuna hata alama moja.

"Hajafanya," kasema.

"Bado naangalia," Mama Spès kasema. Kwa utulivu kabisa, na sindano mkononi.

Ripoti: farde hazijakamilika, mtu mzima asiyejulikana darasani, mwalimu ana mzaha. Bi Rukia kanisomea kwa sauti ya msiba. Miaka tisa sijawahi kupata ripoti mbaya. Nimetafuta mahali panaponiuma, sijapapata.

Jumanne, 11 Machi

Amekaa, lakini barazani. Anasema ndani kuna joto. Kweli kuna joto. Dirisha lilikuwa wazi na kiti chake kimelielekea.

Jumatano, 12 Machi

Amekaa langoni, kwenye jiwe, anaongea na Mama Swedi. Wanaongea nini wale wawili, sijui. Walicheka mara moja. Swedi alitaka kwenda kuona, nikamrudisha.

Alhamisi, 13 Machi

Saa moja na nusu Mama Spès kamleta mtoto mpaka mlangoni. Akamweka sawa ukosi wa gauni. Nikamsogezea kiti, mazoea. Akatikisa kichwa.

"Kuna nguo ya harusi ya watu," kasema. "Saa sita nakuja kumuchukua."

Akaenda. Nilimtazama mpaka kona. Hakugeuka.

Nilidhani siku hiyo ikifika nitafurahi. Niliogopa. Niliwahesabu watoto baada ya wimbo, ishirini na wawili. Nikawahesabu baada ya uji. Nikawahesabu walipotoka chooni. Upande wa mashariki ulisikika mlio mmoja, mbali, labda gurudumu la lori, nikafunga lango na kuwahesabu tena. Fishi ya kumi na nne ilikuwa kuunga nukta, itoke nyumba. Ya Spès ilitoka na mlango mkubwa kuliko paa. Sikusahihisha.

Saa sita wazazi wakaja, mmoja mmoja, darasa likapungua. Saa sita na dakika tano Spès yuko peke yake kwenye benchi na begi mgongoni. Na dakika kumi. Nikatoka barabarani. Na kumi na tano. Nilikuwa nimeshavaa kanga ya pili kichwani niende kumtafuta.

Akatokea kwenye kona anakimbia, uzi mweupe shingoni, pini mbili kwenye midomo. Akazitoa. Akasema nisamehe, mwalimu, cherehani ilininogea, nikajisahau.

Nikamgombeza. Shule inafungwa saa sita, nikasema, si saa sita na robo.